Pini ya Kibosho

Umewahi kuitwa jina lako na mtu uliyeketi mbele ya macho yake, halafu akakupita kwa hayo macho akimtafuta mwenye jina? Mimi yalinipata tena juzi kliniki, hapa Don Mills, Toronto. Muuguzi alifungua mlango akaita, "Doherty!" Nikasimama. Akanitabasamia kama anayeomba apishwe njia, akaita tena kwa sauti kubwa zaidi, sasa akimwelekea mzee mmoja wa Kizungu mwenye nywele nyekundu zilizoanza kufifia. Mzee wa watu alikuwa amesinzia. "Ni mimi," nikamwambia. Akaniomba radhi mpaka ikachosha, na wakati ananipima presha akauliza kama hilo ni jina la mume wangu. Nikamjibu kuwa ni la babu yangu. Akasema "Aaa," ile ya mtu ambaye hajaelewa na hataki kuuliza zaidi.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Richmond Hill nilimuwaza Bibi. Kaa basi nikusimulie, maana watoto wangu nikiwaanzishia habari hizi wananijibu kwa Kiingereza na kurudi kwenye simu zao.

Tulikulia Dixon Road, kwenye yale maghorofa ya Kingsview Village yaliyo karibu na uwanja wa ndege. Ndege zilipita chini hadi vikombe vinalia kabatini, na zikimkuta Bibi kwenye rozari alizitukana kwa Kichaga, kisha akaendelea na Salamu Maria pale alipoachia. Korido ilinukia ubani na iliki za majirani zetu Wasomali. Baba alifariki kabla sijaanza shule. Mama alikuwa akihudumia wazee kwenye nyumba za kutunzia watu, zamu juu ya zamu, kwa hiyo Bibi, mama mzazi wa Baba, aliletwa kutoka Kibosho, kwetu Kilimanjaro, kunilea mimi na mdogo wangu wa kiume.

Na alitulea kwelikweli. Vidole vyake vilikuwa vimechuma kahawa tangu utotoni, na akikufinya paja unakwenda shule na alama. Mimi aliniita mke mwenzangu, mdogo wangu alimwita mume wangu, kama bibi wote wanavyowatania wajukuu, lakini ukivunja sahani utani uliishia hapo hapo. Hakuomba msamaha hata siku moja. Nilimwogopa, na nilimpenda, na sikuona ajabu kufanya vyote viwili pamoja.

Jina tulilipataje? Mama yake Babu alishikwa na uchungu msimu wa mvua, mtoto akakataa kutoka. Padri mmoja wa misheni, Mwairishi, akampakia kwenye gari lake na kumfikisha hospitali kwenye matope yale. Kwetu mtu akikutendea hivyo humlipi, unampa mtoto jina lake. Ndipo Babu akabatizwa Doherty, watu wakamwita Doheti, na sisi tuliofuata tukalibeba kama jina la baba. Kibosho hakuna aliyeshangaa. Ila Kanada, ukiandikwa Doherty mlangoni, mtu wa posta anakutazama mara mbili.

Bibi hakusumbuliwa na baridi wala lifti mbovu. Alisumbuliwa na kitu kimoja, kwamba hatuna ukoo. Kwao mtoto aliyefiwa na baba bado ana wenyewe. Wapo baba wakubwa na baba wadogo, wapo kina babu, wanakaa kikao wanaamua huyu asome, yule aonywe, na siku ya posa ndio wanaopokea wageni. Sisi tulikuwa na Mama, na Mama alikuwa kazini. "Nikifa leo," Bibi alimwambia tukisikia, "hawa wataokotwa barabarani kama viazi vilivyodondoka kwenye gari." Alisema hivyo tukiwa tunakula, na hakupunguza sauti.

Baridi moja ikaja barua. Chama cha watu wa jina la Doherty kilikuwa kimepekua kitabu cha simu na kuwaalika wenye jina hilo wote kwenye mkutano wao wa kila Machi. Mama aliisoma, akacheka, akaitupa. Bibi akaitoa kwenye takataka, akaifuta majani ya chai, akaniambia nimsomee tena pole pole.

"Ni kikao cha ukoo," akasema.

"Mama, hao ni Wazungu," Mama akamwambia. "Hawatujui."

"Ndiyo maana tunakwenda."

Jirani yetu wa mlango wa pili, mama wa Kisomali aliyewahi kuishi Mombasa, alipoisikia habari hiyo alicheka hadi akashika ukuta. "Bibi," akasema, "ukialikwa karamuni na Mzungu, uliza kwanza nani anapika." Bibi akamjibu, "Wewe una ukoo kila ghorofa, utajua wapi shida ya mwenzio?"

Akapika machalari. Tulinunua ndizi mbichi kwa Mjamaika, tukazimenya mikono ikiwa na mafuta ili utomvu usitushike, nao ukatushika vilevile, kucha zikabaki nyeusi kama za fundi magari. Nyama ilichemka tangu asubuhi, madirisha yakatoka jasho. Sufuria likafungwa kwa kanga, likafungwa tena kwa blanketi, na sisi tukafungwa makoti, tukapanda basi tukilishikilia katikati yetu. Nje theluji ilikuwa imegeuka tope, na abiria wote walikuwa wakinusa na kututazama.

Ukumbini mama mmoja alitupokea mlangoni, akaona sufuria, akatuonyesha jikoni bila kuuliza majina. Mimi niliona aibu, maana nilikuwa nimeshajua kusoma nyuso za watu wa hapa. Bibi aling'aa. "Umeona?" akaninong'oneza. "Mgeni hukalishwa sebuleni. Anayepelekwa jikoni ni mke wa nyumba." Akajifunga kanga kiunoni na kuanza kuosha vyombo asivyovijua.

Mwenyekiti wao alikuwa mzee mrefu mwenye koti la kijani na mashavu mekundu. Alikuja kunusa sufuria, na nilipomwambia kwamba sisi nasi ni Doherty akacheka kwa furaha kama aliyeonyeshwa paka anayecheza ngoma. Bibi akamwita shemeji. Sisi tulilazimishwa kumwamkia, "Shikamoo, babu," naye akalijaribu neno hilo mdomoni, akawaita wenzake waje walisikie.

Ukutani palikuwa na ramani ya dunia, pana kuliko meza yetu ya kulia, imejaa pini zenye vichwa vya rangi. Mwenyekiti alisimama mbele yake na fimbo akahutubia. Jina hili, alisema, limetoka rasi ya Inishowen, Donegal, kaskazini kabisa mwa Ireland, na ukilichimbua katika lugha yao ya zamani maana yake ni mtu mwenye kuumiza wengine. Watu wakacheka, wengine wakagongana mabega. Kutoka hapo likateremka mji wa Derry, likavuka maji kwenda Glasgow, na viazi vilipooza mashambani kwao likapanda meli likiwa na njaa. Likashuka Quebec, Toronto, Philadelphia, Boston, na jingine likaenda mpaka Australia. Kila mahali palikuwa na pini. Hata wale wa Scotland wanaoliandika kwa herufi nyingine walikuwa nazo zao.

Nilimtafsiria Bibi neno kwa neno. Nilipofika kwenye maana ya jina alitikisa kichwa. "Hata babu yako alikuwa hivyo hivyo akilewa. Si neno. Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Kisha akanisukuma mbele. "Mwambie shemeji, bado pini ya Kibosho."

Nikamwambia. Akaniinamia, pumzi yake ikinuka bia, akasema tutaona mwakani.

Kuanzia hapo, ndugu yangu, utoto wangu ulihesabiwa kwa Machi hadi Machi. Bibi aliamua kwamba tumenyimwa pini kwa sababu hatuujui ukoo, basi akatufundisha. Tukimenya ndizi, tulikariri. Inishowen, Derry, Glasgow, Quebec. Yeye mwenyewe hakujua kusoma, aliishika njia yote kwa kichwa, na ukiiruka Glasgow alikufinya kwa vidole vyenye utomvu. Mdogo wangu alilia kwa ajili ya Philadelphia kuliko nilivyowahi kumwona akilia kwa ajili ya Baba. Mama akirudi kutoka zamu alitukuta tunataja miji ambayo hakuna mmoja wetu aliyewahi kuiona, akavua viatu, akaenda kulala. Mpaka leo nikikosa usingizi ninaipitia njia hiyo, na paja linaniuma.

Kila Machi tulipeleka sufuria, na kila Machi lilirudi limelambwa. Kila Machi jibu lilikuwa mwakani.

Nilikuwa nimeanza kumpita Bibi kwa urefu mwaka Mwenyekiti aliposimama na kutangaza kwamba ramani yao imefika Afrika. Bibi alikuwa jikoni. Alilisikia neno moja tu, Kilimanjaro, akatoka na mikono yenye sabuni akipiga vigelegele. Ukumbi mzima ukageuka, watu wakampigia makofi. Mwenyekiti akangoja atulie, kisha akachoma pini ya kijani pale pale penyewe, akaanza kueleza. Alizungumzia kijana wa Inishowen aliyeacha kwao akawa padri, akautumia uhai wake wote kwenye miteremko ya mlima ule, akazikwa huko huko. Huyu, alisema, ndiye Doherty wetu wa Afrika. Na tunayo bahati ya kuwa na matunda ya kazi yake humu ndani. Akatuonyesha kwa fimbo. Tukasimamishwa, makofi yakapigwa tena.

"Anasemaje?" Bibi akaniuliza, bado anatabasamu.

"Anasema pini ni ya padri."

"Padri hakuzaa."

"Ndivyo anavyosema, Bibi."

"Na sisi?"

"Sisi ni matunda."

Alifuta mikono kwenye kanga, taratibu, kidole kwa kidole. Halafu akaichomoa pini aliyofungia kilemba chake, kilemba kikalegea upande, akatembea hadi kwenye ramani. Hakujua kusoma lakini pale alipajua. Akachoma pini yake pembeni ya ile ya padri na kurudi nyuma hatua moja kuiangalia. Nilimwona akipumua kama mtu aliyetua mzigo.

Mwenyekiti alimfuata bila haraka. Akaichomoa, akaifunga vizuri ncha isitokeze, akampita Bibi, akanikabidhi mimi. "Mwambie bibi yako awe mwangalifu," akasema kwa upole mtupu. "Mtu anaweza kuumia."

"Anasemaje?"

"Anasema mtu anaweza kuumia."

Bibi alimtazama usoni kwa mara ya kwanza bila kumwita shemeji. "Mwambie ameshaumia."

Nikamwambia. Kiingereza changu kilikuwa cha hapa hapa, hakikuwa na kosa, na ukumbi mzima uliangua kicheko. Walicheka kwa mapenzi, hilo ndilo sijawahi kulimeza. Mama mmoja alijifuta machozi akisema kwamba kwa ulimi mkali hivyo, bibi huyu ni Doherty kabisa. Kisha wakapanga foleni na sahani zao, tukawapakulia. Niliwachukia wote, mmoja mmoja, kadiri walivyoleta sahani. Na kidogo nilimchukia Bibi, aliyetupeleka pale.

Kwenye basi alikaa na sufuria tupu mapajani, nywele zake za mvi zikionekana. "Mla nawe hafi nawe," alisema, akakiangalia kioo cha dirisha, "ila mzaliwa nawe." Hakutukaririsha tena. Siku zilizofuata tulimenya ndizi kimya, na nisingedhani kimya kingeuma kuliko vidole vyake. Mdogo wangu alijaribu kumfurahisha, akaanza Inishowen, Derry, na Bibi akamzaba kofi.

Machi iliyofuata simu ya ukutani iliita. Nilipokea mimi. Alikuwa yule mama wa mlangoni kule ukumbini, mchangamfu, anauliza kama mwaka huu zile ndizi zitakuwepo, maana watu wameshaanza kuziulizia. Nikamtafsiria Bibi huku nimeziba simu kwa kiganja. Akaninyang'anya. Yule mama akasikika akiuliza kama anaongea na bibi Doherty.

"Rong namba," Bibi akasema, akakata.

Alirudi Kibosho kabla mwaka haujaisha. Alisema sababu ni magoti. Alifia huko, akazikwa migombani na watu wake, na aliacha neno kuwa msalaba uandikwe jina alilopewa na mama yake, la Kichaga, hilo tu, jina la mume lisiwepo. Nimeuona kwenye picha. Ukumbi ule umevunjwa, pamejengwa ghorofa la vioo. Mwenyekiti naye atakuwa ameshakwenda, na ramani sijui ilitupwa wapi. Jirani wa mlango wa pili alihama. Ndizi za Mjamaika zipo bado, lakini kwangu hakuna anayezila.

Mdogo wangu ana watoto, mimi nina wangu waliochukua jina langu, na wote wanaitwa Doherty. Juzi binti yangu aliniuliza kwa Kiingereza sisi ni ukoo gani. Bibi alihangaika miaka yote ile kutuingiza mlango ule, na aliposhindwa akatoka yeye peke yake, akaufunga, na sisi tukiwa ndani ya jina lile.