Nilimkana Shangazi Mlangoni kwa Mpiga Picha

Mwenye kosa ni mimi. Naomba hilo lieleweke kabla hamjaanza kumlaani mtu mwingine. Lilianza Jumamosi saa nane mchana, hapa Bariadi, kwenye geti la nyumba ya wageni, kwa maneno haya: "Anatusaidia kazi za nyumbani."

Mwanamke niliyemsema hivyo ni shangazi yangu. Dada yake baba, tumbo moja. Jamani!

Niko kidato cha tatu, na ni mtu wa aibu hasa. Mwalimu akiniuliza swali nalijibia dawati. Mambo yangu huwa nayaandika tu, siyasemi.

Msimu wa pamba uliopita, makampuni ya watu binafsi yalikuwa yamejaa mjini, kila moja na mizani yake na bango lake. Akaja mwanaume mmoja na kamera, akasema anatafuta wasichana wa kalenda na tangazo la video la kampuni. Sisi tulimwita Dairekta. Siku ya kwanza alitupiga picha wengi pamoja, uwanjani, mchana kweupe, tumekumbatia pamba. Mbele ya ile kamera aibu yangu ilinitoka, sijui ilikwenda wapi! Akaniambia, "Wewe una sura ya filamu." Hakuna mtu aliyewahi kuniambia nina sura ya chochote.

Kisha akaniita nyumba ya wageni kwa ajili ya "majaribio". Njoo peke yako, alisema, ndugu wakitazama msanii hafunguki.

Mama alikataa kabisa. "Ukienda, unakwenda na shangazi yako. Na akae mahali anapokuona!"

Shangazi alikuwa amekuja kutoka Nkoma kutuletea karanga. Akajifunga khanga, akavaa makatambuga yake ya tairi, tukaondoka. Njia nzima anasalimia watu kwa Kisukuma, "Mwadila! Mwadila!", na akikutana na mzee anapiga goti. Mimi nikawa natangulia kidogo, kama simjui anayenifuata.

Dairekta alimtazama miguu kwanza. "Huyu nani?"

Ndipo nikasema nililosema.

Kiswahili cha shangazi ni cha kuunga unga, lakini hilo alilielewa. Niliona. Alishusha macho, akaenda kukaa ukutani, nje, kama alivyoelekezwa.

Chumbani hapakuwa na taa za picha wala msaidizi. Kamera yenyewe ilikuwa bado kwenye mkoba! Dairekta akasukuma komeo. Akanishika mkono, nikauvuta, hakuuachia.

"Msanii mpya lazima azoee," akasema.

"Naomba nimwite yule mama."

"Housigeli wako? Aje akufanyie nini?"

Hapo nikapiga kelele: "Shangazi!"

Ndugu msomaji, yule niliyekuwa nimetoka kumkana alipiga mwano. Mwano ni yowe letu la hatari. Msukuma akilisikia anaacha hata ng'ombe anayemkamua. Akaugonga mlango kwa ngumi zote mbili. Sungusungu, walinzi wetu wa jadi, wakaja mbio na marungu, wenye pamba wakaja, na wasichana wa shuleni kwetu nao wakaja.

Yule mtu ana akili, nyie! Aliuachia mkono wangu, akavaa kamera shingoni, akafungua mlango anacheka. "Samahani wazee, tupo kwenye mazoezi ya filamu. Hapo binti alitakiwa apige kelele. Muulizeni mwenyewe."

Kamanda wa sungusungu akanigeukia. "Ni kweli, binti?"

Nilimuona msichana wa darasani kwangu anachungulia chini ya kwapa la mtu. Nikawaza, nikisema nimefungiwa chumbani na mwanaume, Jumatatu shuleni nitapita wapi?

"Ndiyo," nikasema. "Tulikuwa tunaigiza."

Watu wakaangua kicheko. "Mama wa watu leo ndiyo kaiona sinema!" Mwingine akadakia, "Mfichieni na redio, ataipigia mwano!"

"Na huyu ni nani wako?" kamanda akauliza.

"Anatusaidia kazi." Mara ya pili! Kinywa hiki hiki!

Kwetu mwano haupigwi kwa mchezo. Anayeupiga bure anaadhibiwa, maana siku ya hatari ya kweli watu watakataa kuja. Kamanda akamfokea, "Watu wameacha pamba kwenye mizani kwa ajili yako! Piga magoti uwaombe radhi."

Shangazi angeweza kusema: huyu ni mtoto wa kaka yangu. Ingetosha. Lakini alinitazama, akaona ninavyowatazama wale wasichana wa shule, akapiga magoti kwenye vumbi, mtu mzima yule, mbele ya watoto.

"Nimekosa, bhabha. Sikujua ni mchezo."

Mimi nimesimama. Natazama!

Tukashika njia ya kurudi. Karibu na nyumbani akaniuliza taratibu, "Ng'wanawane, mwanangu, amekuumiza?"

"Hapana."

"Haya."

Mama alipotaka kujua ilikuwaje, shangazi akamjibu, "Picha wamepiga." Hata hapo alinificha.

Tangu siku hiyo hajakanyaga kwetu. Baba akienda Nkoma shangazi anampa salamu za mama, za wadogo zangu, mpaka za jirani. Zangu hamna. Nalia, lakini namlilia nani?

Wewe unayetaka kuwa msanii au kupigwa picha za matangazo, nakusihi. Kazi ya kweli haiogopi mlango wazi. Akikwambia uje peke yako, usiende, hata kama ndiye mtu pekee aliyewahi kukusifia. Akikugusa bila ridhaa yako akasema ndiyo sanaa, ondoka na upige kelele. Ndugu uliyekwenda naye mtambulishe kama alivyo, hata akiwa na makatambuga, kwa sababu siku mlango ukifungwa ni yeye atakayeugonga. Na watu wakishakuja, sema hapo hapo. Mimi nilichelewa.

Maana kesho yake asubuhi, baada ya siku ile ya mwano, niliamka nikakuta shangazi ameshaondoka na lori la pamba. Nikakimbia nyumba ya wageni. Chumba kiko wazi, kinadekiwa, Dairekta katoroka alfajiri na kamera yake. Nikaenda kwa kamanda, nikamkuta kwenye mizani na foleni ya watu. Nikampigia goti, nikasema.

"Sikusikii," akasema. "Jana yeye alipiga magoti watu wote wanaona. Simama, sema wasikie."

Nikasimama. Nikawageukia watu wa foleni. Nikasema kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa tangu nizaliwe: "Yule mama ni shangazi yangu! Na mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo!"

Safari hii hakuna aliyecheka.