Mlango wa Mama Shuka

Hotuba ya kaka mkubwa ilipofika kwenye maneno "mama yetu alikuwa mama wa watu wote," Kitinda alikuwa jikoni akikwangua ukoko, na mwiko ukamtoka mkononi.

Walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitindamimba, wa mwisho kati ya watoto watatu. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa miaka arobaini na ushee ambaye hakuwahi kuhama nyumbani. Wiki ilikuwa imepita tangu wamzike mama, na ukoo ulikuwa umejaa ukumbini kumkumbuka. Kumkumbuka! Wengi wa waliokalia vile viti vya kuazima walimsahau angali hai, anapumua, chumba cha pili tu kutoka pale walipokaa.

Lakini sifa walizomwaga hazikuwa za uongo, na hilo ndilo lililozidi kumchoma.

Mama Shuka, ndivyo mtaa ulivyomwita, alifua shuka za hospitali tangu zikifuliwa kwa mikono mpaka mashine zilipoletwa. Vidole vyake vilipauka kwa dawa, vikabaki kama vya mtu aliyetoka majini. Kila jioni akitoka kazini alipita mbele ya wodi, na pale nje aliwakuta watu waliokuja na wagonjwa wao kutoka mbali, hawana ndugu wala pa kulala, wameegemea ukuta na mabunda yao. Hakuwauliza wa wapi. Aliwaambia tu, "Inukeni, twendeni. Ukuta huu hauna mto." Wakamfuata kama vifaranga.

Nyumba yenyewe vyumba viwili na ukumbi. Wapo waliokaa siku mbili, na wapo waliokaa mpaka watoto wao wakaota meno humo. Mmoja alijifungulia ukumbini, na mama akampokea mtoto kwa shuka aliyokuwa akijifunika mwenyewe. "Hata huyu," alisema, "kaingia bila kupiga hodi."

Na Kitinda? Godoro lake lilikuwa la mgeni. Gauni lake jipya lilivaliwa na binti wa mgonjwa siku ya kwenda kuzika, halikurudi. Cherehani yake ya kwanza, aliyoipata kwa kushonea watu viraka na vifungo tangu usichana, mama aliigawa kwa mjane aliyefukuzwa na wakwe zake.

"Yule hana kitu, mwanangu. Wewe una mikono."

"Na mimi je, mama?"

"Wewe ni wa nyumbani," mama alijibu akitabasamu, kana kwamba anampa zawadi. Siku hiyo Kitinda alijifunza kwamba wa nyumbani ni yule wa kusubiri.

Kisha kiharusi kikamwangusha mama. Nusu ya mwili ikafa, ulimi ukafungwa, na wageni wakakatika kama mvua. Dada aliyeolewa mbali alipiga simu: "Nipelekee pole kwa mama." Kaka, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na nyumba ya vyumba vinne mji huohuo, alikuja akasimama mlangoni, leso puani, akasema kuna mzigo anausubiri dukani. Miaka miwili Kitinda alimgeuza mama, akamwogesha, akamlisha uji kwa kijiko. Siku nyingine alimgeuza kwa upendo, siku nyingine kwa hasira, meno yameumana. Mama alizitambua zote. Siku za hasira alitazama ukutani.

Ukumbini kaka alikuwa akipandisha sauti. "Ndugu zangu, tumuenzi mama kwa vitendo. Mlango wake hautafungwa! Na tunaanza leo." Akamnyooshea mkono mwanamke aliyekaa kwenye ngazi ya mlangoni, bunda mapajani. "Huyu ni jamaa wa mke wangu. Mumewe kavunjika nyonga, kesho anatoka wodini, na kliniki atarudi kila mara. Watafikia hapa. Kitinda atawapokea. Si mnamjua? Moyo wa mama kaurithi yeye!"

Watu wakapiga makofi.

Kitinda akatoka jikoni, masizi mpaka kwenye viwiko.

"Nani kakwambia nitawapokea?"

Makofi yakafa.

"Mdogo wangu," kaka akacheka kidogo, kicheko cha kufunika aibu, "tutaongea baadaye."

"Tuongee sasa. Umesema mbele ya watu, nami najibu mbele ya watu. Mama alikuwa analalia ubavu gani?"

"Nini?"

"Mwisho wake, ubavu mmoja ulipochubuka, alikuwa analalia upi?" Akaugeukia ukumbi mzima. "Mama wa watu wote! Haya, watu wote mko hapa. Nijibuni!"

Shangazi yao ndiye aliyejibu, lakini si swali lile. "Binti, adabu! Udongo wa mama yako haujakauka, wewe unauvua ukoo nguo?"

"Shangazi, heshima yako iko palepale. Lakini nguo za ukoo huu nimezifua mimi. Nazijua zilivyo chafu."

Yule mwanamke wa kwenye ngazi alikuwa ameanza kukaza fundo la bunda lake, macho chini. Kitinda alimwona. Akachuchumaa mbele yake.

"Dada yangu, hasira hizi si zako. Usiondoke. Leo utalala pazuri." Akainuka, akamkabili kaka. "Mgeni ni wa mkeo, vyumba unavyo, gari liko nje. Kumuenzi mama kuanze kwako."

Kaka alitafuta macho ya kumtetea. Wale waliopiga makofi walikuwa wakikagua kucha zao. Mkewe alibinua midomo akauvuta mtandio. Mwishowe kaka akachukua funguo. Kitinda alilibeba bunda mwenyewe, akalipakia kiti cha nyuma, kisha akaubamiza mlango wa gari mpaka kioo kikatikisika.

Siku chache baadaye simu ililia asubuhi akishona sare za shule.

"Kitinda," sauti ya kaka ilikuwa imepwaya. "Huyu mzee wa nyonga halali, anaita tu. Mke wangu hanisemeshi. Leo nimemwinua mwenyewe, mgongo umegoma."

"Usimwinue kwa mabega. Pitisha shuka chini yake, mvute kwa shuka."

Kaka akauliza, "Mama aliwezaje haya yote, na watu wote wale?"

Kitinda aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani.

"Hakuweza," akasema. "Nilikuwepo mimi."

Upande wa pili alimsikia mzee akiomba maji.

"Nenda, unaitwa," akasema, akakata.

Hasira ilikuwa bado imemkaa kifuani, na sehemu kubwa haikuwa ya kaka. Ilikuwa ya mama, aliyemwona kila mpita njia na kutomwona aliyemchotea maji ya kuwakaribishia. Hapo ndipo alipomlilia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kwa sauti, akimgombeza kama mtu aliyeko chumbani anayesikia. Mteja aliyekuja kuchukua sare alisimama nje, akasubiri amalize.