Mji wa Sista Korazoni Kando ya Mtaro

Sisi tuliokulia Laare kabla ya stima kufika, tukienda shule miguu chini kwenye umande wa Nyambene, tuliitalii dunia bila kutoka kijijini. Najua vijana wakisikia hivyo watacheka. Wao wakienda hata mto wa jirani lazima wajaze simu na picha, na ukiwauliza maji yalikuwa baridi au la, hawajui, kwa sababu hawakuyagusa. Sisi hatukuwa na kamera wala nauli. Lakini niulize leo habari za Dumaguete, mji wa pwani kule Ufilipino, nami nitakuzungusha mpaka uombe kupumzika.

Aliyetutembeza huko ni Sista Korazoni, mtawa Mfilipino, mfupi, mwepesi wa kucheka, aliyefundisha watoto wa nasari pale misheni. Mama yangu alikuwa mpishi wa masista, kwa hiyo mimi na rafiki yangu Mutuma tulishinda nyuma ya jiko lao tukinusa nusa. Shule ikitoka, mwenye kidonda alienda kwa Sista kusafishwa. Na vidonda havikukosekana, maana mtoto wa siku hizo alikuwa hana viatu, alipanda miti ya miraa, na aliteleza kwenye matope akiwahi maziwa ya shule, yale ya pakiti ya pembetatu ambayo tuliing'ata pembe na kufyonza.

Dawa yake ya zambarau iliwasha kama pilipili. Ili usilie, Sista alikushika mguu na kuuliza, "Leo tunaanza wapi? Kwa mnara, kwa barabara ama kwa soko?" Ukichagua mnara, alikuambia habari za mnara wa kengele wa kwao, wa mawe, ambako zamani walinzi walikaa juu wakitazama kama maharamia wanakuja kutoka baharini. Ukichagua barabara, mlitembea naye kando ya bahari jioni, pale watu wa mji wote hutoka kupunga upepo na kula vitu vya kukaanga. Kulikuwa na pikipiki zenye kigari cha abiria ubavuni zilizobeba baba, mama, watoto na nyanya yao. Hapo tulimkatalia katakata. Leo nikiona boda boda ya Laare imebeba watu wanne na mzigo wa miraa, najua nilipaswa kumwamini.

Mchubuko mdogo ulikufikisha mnarani tu. Aliyejikata na panga alizungushwa mji mzima mpaka kisiwani, ambako kasa huogelea karibu na watu bila hofu. Mutuma alikuwa akianguka makusudi ili afike kisiwani.

Kitu alichokipenda zaidi kilikuwa soko la kwao. Mama yake aliuza huko keki za mtama zilizofungwa kwa majani ya ndizi, watu wakizila asubuhi na chokoleti ya moto. Sisi hatukujua chokoleti, lakini mtama tulikuwa nao. Wafanyabiashara wa Tharaka waliuleta sokoni kwetu. Basi Sista aliununua, akaupika na maziwa ya ng'ombe kwa kuwa nazi ilikuwa haipatikani, akaufunga kwa majani ya ndizi na kuukaza kwa kamba za migomba. Shida ni kwamba Laare, kitu kilichofungwa hivyo ni miraa, vijiti vya kutafuna vinavyouzwa vikiwa bado vibichi. Siku moja alipita sokoni na kikapu chake akielekea shuleni, mnunuzi mmoja akamkimbilia. "Sista, hiyo ni ya leo ama ya jana? Niwekee zote, gari inaondoka!" Sista akamfungulia moja, akamlisha. Yule mtu alitafuna keki huku amekunja uso kama aliyeibiwa, na soko zima likavunjika mbavu.

Halafu ikaja habari kwamba mama yake Sista ameanguka na hawezi tena kwenda sokoni. Tangu siku hiyo vidonda vyetu vilisafishwa kimya kimya. Ukimwambia "leo twende kisiwani," alitabasamu kidogo tu, akakufunga bandeji, akakuachilia uende zako.

Jioni moja, tukimenya nduma nyumbani, mama akamwambia baba, "Sista hali. Nimepika kuku, amegusa tu. Mtu akikataa chakula ya watu, huyo moyo yake imeshaenda kwao. Hatakaa."

Sikulala vizuri. Nilikuwa mtoto, na mtoto hajui huzuni ya mtu mzima, anajua tu kile anachokaribia kunyang'anywa. Nilimtaka Sista abaki. Asubuhi nilimweleza Mutuma, naye akatoa wazo ambalo mpaka leo naliona la maana. Alisema, "Kama shida ni hiyo mji yake, si tumjengee hapa? Akitaka kwao anatoka tu nje."

Jumamosi tukaingia kazini. Watoto wa siku hizo tulikuwa mafundi wa kalongolongo, tukijua kujenga nyumba, kuoa, kupika matope na kugombana kama wakubwa. Nyuma ya jiko la masista kulipita mtaro wa maji, tukasema hapo patakuwa pwani. Mutuma alisimamisha mnara kwa vipande vya mgomba. Barabara ya kando ya bahari tuliitandaza kwa kokoto, na nguzo za taa zikawa vijiti vya miraa ambavyo wakubwa walikuwa wametafuna na kutupa. Mbegu za avokado zikawa kasa. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, akanifokea. "Karimi! Mkitoboa huo mtaro, mwenye shamba ya nduma atakuja kunilipisha mimi!" Tulipomweleza kazi yenyewe, alirudi ndani na kutuletea kigae cha kuchimbia.

Mimi nilipewa soko. Nilifinyanga wauzaji kwa udongo, wakanipasukia jua lilipowaka, nikabakiwa na mmoja tu mzima. Nikamketisha juu ya jiwe, nikamfunika kichwa kwa kitambaa, na mbele yake nikapanga vijikeki vya matope vilivyofungwa kwa majani. Nilijivunia sana kazi hiyo.

Sista alipoletwa alisimama pale akafunika mdomo. Kisha akaanza kutembea, akiinua kanzu yake asiibomoe barabara, akitaja kila kitu kwa jina lake kama mtu anayesalimia majirani. Alifika pwani akatazama maji yakipita mbio, yakiuacha mji na kuteremkia kwenye shamba la nduma. Akaangua kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia kwa muda mrefu.

"Watoto, bahari haiendi! Bahari inakaa!"

"Inakaa aje, Sista?" Mutuma akauliza, amekasirika. "Maji lazima iteremke."

Sisi tulikuwa watu wa milimani. Maji yote tuliyoyajua yalikuwa na safari. Sista alijaribu kutueleza habari za maji kupanda na kushuka, akikunja na kukunjua mikono, nasi tukamwonea huruma, tukidhani amesahau kwao.

Ndipo akafika sokoni kwangu. Akachuchumaa.

"Huyu ni nani?"

"Ni mama yako," nikasema kwa furaha. "Tumemweka hapa ndiyo usiende."

Akamnyooshea yule mwanamke wa udongo kitambaa. Machozi yakamtoka. Mama akanivuta sikio, ingawa si kwa nguvu. Lakini jioni ile Sista alikula, akaomba kuongezewa, na mama alirudi nyumbani akiimba. Mimi na Mutuma tukajiona tumeshinda.

Kumbe siku ile ile alikuwa ameshakata shauri. Alimwambia mama jikoni, "Kumbe nimemwacha peke yake kwa soko. Hakuna mtu kando yake. Nilikuwa nasema kazi ni mingi, nasari haina mwalimu. Sasa nimemwona, siwezi." Akaomba ruhusa kwa wakubwa wake, ruhusa aliyokuwa akiiahirisha kila mwaka, akapewa. Muda si mrefu gari la misheni likamchukua kupitia mji wa Maua, sisi tukilikimbilia nyuma kwenye vumbi. Mutuma hakuniongelesha muhula mzima. Alisema mji wake ulikuwa unafanya kazi vizuri, ni soko langu lililoharibu.

Baadaye padri alitangaza kanisani kwamba Sista amefika salama, amemkuta mama yake yu hai, na sasa anamlisha kwa mkono wake. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nilikuwa na hasira naye, kwa kuwa nilijua harudi, na kweli hakurudi. Mvua ya mwaka ule ikashuka ikaubeba mji wote, mnara na kasa wake, ukaishia kwenye nduma.

Sasa nina mvi, niliolewa Embu, naishi huko mtaa wa Majimbo. Watoto wa jirani wakija kwangu huuliza nywila ya intaneti kabla ya kuniamkia. Siwalaumu. Wana dunia nzima mkononi, wangeokota vijiti vya nini? Hata hivyo namshukuru Mungu nilizaliwa nilipozaliwa, nikapata mji wa kujenga kwa kucha zangu.

Habari hizi zote nilimsimulia binti yangu Makena tangu akiwa mdogo, nikimsuka nywele. Leo ni nesi huko nchi za Ghuba, na anakaa nyumba moja na nesi mwenzake Mfilipino. Mwaka huu alipata likizo. Nilipaka chumba chake rangi, nikamwambia mwenye bucha aniwekee mbuzi mzuri. Halafu akapiga simu, sauti imejaa furaha. "Mum, guess nini! Naenda Dumaguete na rafiki yangu, tiketi ilikuwa offer. Nitakuonyesha kila kitu ulikuwa unatuambia!"

Na alinionyesha kwa video ya simu, sina ubishi. Nimeuona mnara, umeota ukoga wa kijani kwenye mawe, nao si mrefu kama nilivyodhani. Nimeiona barabara ya kando ya bahari na watu wakipunga upepo, na pikipiki iliyobeba ukoo mzima. Nimeiona bahari yenyewe, imekaa, haiendi popote. Nililia, na Makena akadhani ni furaha. Kwa kiasi fulani ilikuwa furaha.

"Na nyumbani unakuja lini?" nikamwuliza.

"Aki Mum, leave imeisha. Lakini si tunaonana kila jioni?"

Tunaonana, ni kweli. Ananiona nikichambua maharagwe, ananiuliza kwa nini bado sijatupa ile sufuria mbovu, ananikumbusha dawa yangu ya presha. Kwa hilo teknolojia imetusaidia, na mtu asinisikie nikiitukana. Ila enzi zetu mtu akiwa mbali alikosa sauti ya mama yake, alikosa sura yake, mpaka siku moja uvumilivu ukamshinda akafunga mizigo. Wangu anasikia sauti yangu kila jioni, anaridhika, anaenda kulala. Nami sijamshika mkono tangu alipoondoka.