Ncha ya Pili ya Futi

Mafundi siwaamini, ila huyu seremala alinifunga mdomo. Ukutani mwa duka langu alichora mstari mmoja wa mshazari, kisha kwa kipande cha boksi akapima pembe ileile kila mahali mstari wa rafu ulipoukata.

“Pembe zikilingana hivi, rafu zote ziko sambamba, bosi,” alisema. “Njia hii haihitaji mtu wa pili. Zamani marehemu mke wangu ndiye aliyenishikia futi.”

Bado nilitaka kuhakikisha. Nikapanda stuli, nikashika ncha ya futi kwenye mstari wa juu, yeye akainama kusoma chini.

“Vuta kidogo, mama watoto,” akasema bila kuinua kichwa.

Nina ndevu hadi kifuani. Nikavuta.