Watiri Amrudia Mkanda kwa Mikono Mitupu

Saa mbili kasorobo asubuhi, kwenye bomba la nyuma ya maabara ya shule moja ya sekondari hapa Gatitu, bibi wa miaka sabini na kitu anamnawisha mikono mtu mzima.

Anasugua kwa sabuni ya mche, kidole baada ya kidole, hadi kwenye kucha. Anasuuza, ananusa, anatikisa kichwa, anaanza upya. Maji ni baridi ya kuuma, lakini Watiri, anayenawishwa, halalamiki.

"Maitu, yatosha sasa," anamwambia mama mkwe wake, akimwita kama wanavyoitwa akina mama huku.

"Bado," anajibu Murugi. "Nilipaka mimi, nitaondoa mimi."

Ndani ya maabara, kwenye sanduku la mbao lenye kioo, anangoja Mkanda, chatu wa futi tisa. Ni miezi mitatu sasa tangu Watiri, mhudumu wa maabara, amguse kwa mikono mitupu.

Zamani alimgusa kila siku. Mwaka wa 1968, vibarua wa barabara kule Sagana walimkuta chatu huyo ndani ya kalvati la kupitisha maji, mwembamba kama mkanda wa suruali. Panga lilikuwa limekwisha kuinuliwa. Mwalimu Gicheru, anayefundisha baiolojia, alikuwa akipita. Akawasihi, akaja naye Gatitu ndani ya kikapu. Watiri ndiye aliyekabidhiwa, kwa kuwa wanaume wote walikumbuka ghafla kazi nyingine.

Wakati huo alikuwa mjane wa miaka thelathini na mmoja, mwenye watoto watatu. Leo mshahara wake ni shilingi mia mbili na arobaini kwa mwezi.

"Nilisema, huyu naye ametolewa kwao kwenye joto akiwa mdogo, na hapa kwetu baridi itamuua," anakumbuka. "Nikawa namwashia jiko la makaa chini ya sanduku kila asubuhi. Watoto wangu walisema ati Mkanda ndiye kitinda mimba."

Wanawake wa kanisani hawakumwacha hivihivi. "Hawa alidanganywa na nyoka mara moja tu," walimtania. "Wewe Mama Wamae unataka kudanganywa Jumatatu hadi Ijumaa?"

Kisha ikaja Julai ya mwaka huu, na baridi yake inayopasua ngozi. Mikono ya Watiri, inayoshinda kwenye maji na sabuni, ilikuwa ikitoka damu. Asubuhi moja Murugi aliiona kando ya moto. Aliyeyusha mafuta ya mkia wa kondoo, akaishika mikono ile na kuipaka taratibu, hadi kwenye viganja.

"Tangu nikiwa mtoto sikuwa nimepakwa mafuta na mtu," anasema Watiri. "Nilienda kazini nikiwa na furaha."

Alipofungua sanduku, Mkanda alimrukia mkono wa kulia na kujizungusha kwenye kiwiko. Watiri akauvuta mkono kwa hofu, meno yakamchana. Ngatia, askari wa lango, alikuja mbio na ndoo ya maji baridi, akammwagia chatu kichwani hadi akaachia.

Chatu hana sumu. Hospitalini Watiri alichomwa sindano ya pepopunda, akashonwa nyuzi saba.

"Uchungu haukuwa wa meno," anasema. "Nilijiuliza, miaka nane yote, kumbe hanijui?"

Kila alipolikaribia sanduku, alirudi nyuma. Ngatia, ambaye humkimbia hata mjusi, ndiye aliyesafisha sanduku kwa ufagio mrefu, jicho moja limefumbwa. Hakumcheka Watiri hata siku moja.

Lakini nyoka asiyeweza kutolewa hawezi kuoshwa wala kukaguliwa, na Mkanda alianza kubabuka ngozi vibaya. Mwalimu Gicheru alisema wazi: muhula ukiisha bila mtu wa kumshika, atapelekwa Nairobi, kwenye hifadhi ya nyoka.

Wiki iliyopita, Watiri alitundika koti lake la kazi karibu na kioo. Lilikuwa lile la Julai, ambalo hakuwa amelivaa tena. Mkanda akainuka, akaufuata mfuko mmoja kwa ulimi, huku na huku. Watiri akaunusa mfuko. Kondoo.

"Hakukuuma wewe, Mama Wamae," mwalimu alimwambia. "Aliuma kondoo. Macho yake ni hafifu, hujua kwa harufu."

Siku nne Watiri hakumwambia mama mkwe wake. "Alikuwa amenitendea wema," anasema. "Ningemwambiaje?" Lakini jioni ya tano alimkuta anayeyusha mafuta tena, kama afanyavyo tangu Julai, na ikabidi aseme. Murugi aliepua sufuria. Kisha akauliza, "Huko shuleni kuna sabuni?"

Ndiyo maana yuko hapa leo. Amekuja pia na chupa ya maziwa, kwa kuwa zamani nyoka akiingia nyumbani hakuuawa. Alimwagiwa maziwa, akaenda zake kwa amani. Mwalimu anaeleza kwamba chatu hanywi maziwa. Murugi anaiweka chupa mlangoni hata hivyo, na Ngatia anaahidi kwamba hayatapotea, kwa kuwa ana chai jikoni.

Watiri anafungua sanduku. Murugi, uso ameugeuzia ukutani, anamwekea mkono begani.

Mkanda anasogea. Ulimi wake unagusa kidole, kiganja, kovu. Unarudi tena kwenye kovu. Kisha anateleza juu ya mkono polepole, kama alivyozoea, na Watiri anamwinua kwa mikono yote miwili.

"Umekuwa mzito," anamnong'oneza, machozi yakimtoka.

Murugi anathubutu kugeuka. Anaitazama ile ngozi inayobabuka. "Maskini, amekauka. Angepata mafuta kidogo..."

"Hapana!" wanapaza sauti watu watatu kwa pamoja. Bibi anacheka hadi anajishika kiuno.

Mkanda hatapelekwa Nairobi. Leo ataogeshwa kwa maji ya vuguvugu, na Siku ya Wazazi, mwezi ujao, Watiri anataka kusimama mlangoni akiwa naye mabegani, mbele ya wanawake wote wa kanisani.

Na Julai ijayo, mikono ikipasuka?

"Maitu atanipaka," anasema Watiri. "Lakini iwe Jumamosi, na Jumatatu aje aninawishe."