Kalamu ya Mninga na Mafuta ya Nazi

Mwalimu wangu wa kwanza wa kukereza kalamu alikuwa karatasi ya kufungia karanga. Muuza karanga wa sokoni Kilwa Masoko alinunua magazeti ya kigeni kwa kilo, na siku ile karanga zangu zilifungwa kwenye picha ya kipande cha mti kikizunguka katika mashine, huku mkono umekishikia patasi. Nilizimimina karanga kwenye ncha ya khanga nikaisoma palepale, kwa Kiingereza changu cha shule. Kisha nikamwomba kurasa zilizobaki. Alikuwa nazo chache. Nyingine zilikwisha kuliwa, alivyosema yeye.

Nilikuwa nimemaliza shule bila kuchaguliwa popote. Lindi kulikuwa na karakana ya mbao ambayo fundi wake alipokea wanafunzi mara moja kwa mwaka, na sharti lake lilijulikana: njoo na kitu ulichokereza kwa mkono wako. Sikuona pengine pa kwenda. Nikilala naiwaza kalamu, nikiamka naiwaza kalamu.

Mashine ya kwenye picha ilikuwa ya umeme. Sisi tulikuwa na cherehani cha miguu cha mama, na cherehani kilikuwa kimelala. Tangu mitumba ianze kumwagwa sokoni, nani angeshonesha gauni? Nilimwomba mama miguu ya cherehani. Aling'oa kichwa akakifunika juu ya kabati.

"Mpaka shule zikaribie kufunguliwa," alisema. "Mitumba haina sare."

Nilifunga vipande viwili vya mbao juu ya meza, nikapigilia misumari miwili inayotazamana, na mti ukazunguka katikati yake kwa mkanda uleule wa cherehani.

"Anza na mkono, mguu ufuate," mama alinielekeza. "Ukianza na mguu gurudumu linarudi nyuma, linakukatia uzi."

"Mimi sina uzi, mama."

"Basi litakukata kidole."

Mpingo ulinishinda, ulikula makali ya patasi zangu, ambazo zilikuwa tupa kuukuu nilizozinoa. Nikahamia mninga, mabaki ya watengeneza vitanda. Tundu nililitoboa kwa spoki ya baiskeli iliyochomwa motoni, na ndani nikatia mrija wa wino wa kalamu ya dukani. Kalamu ya kwanza iliandika. Watu wangefurahi. Mimi niliona mstari mdogo karibu na ncha, nikaitia jikoni. Ya pili ilinenepa upande mmoja. Nyingine hata sikumbuki kosa lake. Mama alipikia uji kwa kalamu zangu, akasema hajawahi kuona kuni zilizonakshiwa.

Mwishowe ilitoka moja ambayo hata mimi sikuweza kuitia motoni. Ilibaki kung'arishwa. Karatasi ilisema: paka mafuta, acha yakauke, rudia. Mafuta gani? Hilo liliandikwa ukurasa wa pili, na ukurasa wa pili ulikuwa umekwenda na karanga za mtu mwingine. Nyumbani kwetu mafuta yalikuwa ya nazi: ya nywele, ya kukaangia, ya bawaba za mlango. Nilipaka. Hayakukauka. Nikajua nimepaka kidogo, nikaongeza, asubuhi na jioni, hadi kalamu ikang'aa kama jicho.

Nilifika Lindi nikiwa nimeishika mkononi njia nzima, nisije nikaikwaruza mfukoni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti. Umetoka wapi?"

"Kilwa."

"Kilwa yote hiyo kwa kalamu?" Aliizungusha vidoleni. "Umbo zuri. Nani kakufundisha?"

"Karatasi."

Alivuta karatasi yake ajaribu. Kiganja chake kikaacha doa, doa likatanuka, na wino ukakataa kushika juu yake. Akaifuta kalamu kwenye aproni. Mninga ule ulikuwa umeyanywa mafuta, na kwa joto la mkono wake ukaanza kuyatoa upya.

"Binti, hii kalamu au kitumbua?"

"Fundi, onja kwanza!" alisema mmoja wa wanafunzi wake, na karakana nzima ikacheka.

Fundi hakucheka sana. "Mafuta ya nazi hayakauki," alisema. "Umbo nimelipenda. Niletee nyingine, kavu, kabla ya Ijumaa. Ijumaa nafunga orodha."

Mtu mwingine angesikia ameitwa. Mimi nilisikia kitumbua, njia nzima ya kurudi.

Nyumbani nilikuta kichwa cha cherehani kimerudi mahali pake, na blauzi nyeupe zimejaa kitandani. Wazazi wa mtaa walikuwa wamemkumbuka mama.

"Wamesemaje huko Lindi?" mama aliniuliza.

"Nipeleke nyingine kabla ya Ijumaa."

Mguu wake ulisimama. Alizitazama blauzi, kisha mimi. "Basi nakitoa kichwa. Sare zitangoja."

"Shule zinafunguliwa Jumatatu, mama."

"Najua."

Nilitamani akatae, ili kosa liwe la sare. Hakukataa. Nami nilijua kwamba hata akinipa cherehani, kila kalamu ingeishia jikoni mpaka Ijumaa ipite. Nikamwambia aache tu. Aliniuliza kama nina hakika, nikasema ninayo.

Nilikaa kando yake kukata nyuzi zilizoning'inia. Kila pindo nililoliona limepinda nililifumua, mpaka akaninyang'anya mkasi. Ijumaa ilipita tukiwa bado tunashona, wala hakuna aliyeitaja.