Saini ya Mdhamini

Kuanzia mvua za kwanza mpaka mpunga uingie kwenye magunia, nyumba yetu hapa Ifakara huwa yangu peke yangu. Mama na mdogo wangu wanahamia shambani, ng'ambo ya mto, kama wanavyofanya majirani wengi, na mtaa unabaki na kuku, watumishi na watu wa mikataba kama mimi. Napika wali kikombe kimoja, nakula nimesimama. Zamani nilikuwa najidanganya kwamba napenda utulivu. Siku hizi nasema tu kwamba ni upweke.

Kazi yangu ni mbu. Kila asubuhi naletewa vikombe vya karatasi kutoka kwenye mitego, nakaa kwenye hadubini na kuwatenga: majike huku, madume kule, wa malaria hapa, wale wa kutupigia kelele tu pale. Ndicho nilichosomea chuo kikuu, biolojia, na nakipenda. Ila mkataba wangu ni wa mradi. Mradi ukiisha nami nimeisha, nakaa nyumbani miezi mpaka mwingine uanze. Na kila mwezi ninaokuwa kazini, kabla mshahara haujanifikia, mkopo wa chuo unakuwa umeshachukua chake.

Mwaka huu mdogo wangu alimaliza kidato cha sita, akafaulu vizuri. Alinipigia simu kutoka shambani, amepanda juu ya kichuguu apate mtandao, akaniambia anaomba chuo, biolojia, kama mimi. Fomu ya mkopo alikuwa ameshaichapisha, imebaki saini ya mama kwenye sehemu ya mdhamini. Na mama hana neno, alisema, tena anafurahi, maana bumu la kwanza litapiga plasta nyumba.

Bumu ndiyo zile pesa za kujikimu ambazo mwanafunzi anapewa kutoka kwenye mkopo wake. Mwaka wangu wa kwanza nilijibana, nikala mlo mmoja kwa siku, nikamtumia mama pesa ya bati. Aliponiuliza nimezipata wapi, nilimjibu kwamba huku tunapewa. Basi mama akaipeleka habari hiyo kila harusi na kila msiba, mpaka Mlimba kwa ndugu zake: serikali inamlipa mwanawe kwa sababu ana akili. Sikumsahihisha. Nilikuwa binti mdogo, na nilipenda kuwa mtu anayelipwa kwa akili zake. Fomu yenyewe ilikuwa ya Kiingereza. Nilimwonyesha tu pa kusaini, nikamwambia ni makaratasi ya chuo.

Jioni ile nilichukua karatasi nikapiga hesabu ambayo nilikuwa naikwepa tangu nihitimu. Upande mmoja mishahara yote, na miezi yote niliyokaa bila mshahara. Upande wa pili deni. Kwa uchokozi nikamwandika na rafiki yangu mmoja wa sekondari, aliyeishia kidato cha nne, ambaye ananunua mpunga Mlimba wakati wa mavuno, anauweka, anauza bei ikipanda. Ana mashine ya kukoboa na pikipiki mbili. Hesabu yake sikuimalizia, nilikasirika.

Karatasi haikunificha kitu. Shahada yangu ilikuwa haijanilipa, na kwa mwendo ule ningeendelea kukatwa mpaka mdogo wangu awe na watoto wake. Kumpigia simu mama nilishindwa. Jambo la namna ile huwezi kumwambia mtu aliyesimama juu ya kichuguu.

Jumamosi nilipanda pikipiki, nikavuka daraja, kipande cha mwisho nikatembea. Niliwakuta wanapepeta. Nilimwamkia mama, akaitikia kwa furaha, akaniuliza kama nakula vizuri, na papo hapo akamtuma mdogo wangu akalete fomu na kalamu ndani ya kibanda. Ilikuwa imefungwa vizuri kwenye mfuko wa nailoni. Mama akaiweka juu ya gunia na kuinama.

"Mama, usisaini kwanza," nilisema. "Bumu ni deni. Hata langu lilikuwa deni, na bado nalipa."

Alibaki ameinama. Mdogo wangu ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, kwamba mimi nimeshasoma na sasa nataka kumfungia yeye mlango. Nilimweleza yote: karatasi yangu, miezi isiyo na mkataba, mfanyabiashara wa Mlimba. Akaniuliza kama najuta. Nilimjibu kwamba kusoma sijuti, hata kama hesabu inanikataa. Ninachojuta ni kunyamaza.

Mama alikaa chini kwenye mkeka.

"Nisomee," alisema. "Yote. Usiruke."

Nikasoma, mstari baada ya mstari, nikiugeuza kila mmoja kuwa Kiswahili. Nilipofika kwa mdhamini alininyooshea mkono niishie hapo kwanza. Nikamwambia kwamba mdhamini ni mtu atakayetafutwa mwanafunzi asipolipa.

"Na ile niliyokusainia wewe iliandikwa hivihivi?"

"Ndiyo, mama."

"Na ulijua."

"Nilijua."

Jua lilikuwa kali na hakuna aliyehamia kivulini. Nilitamani anifokee. Miaka yote ile, pesa zikikatwa, nilikuwa najiona nimebeba mzigo peke yangu ili yeye asiumie, na kumbe jina lake lilikuwa humo tangu siku ya kwanza, na watu wa bonde zima wamesikia majigambo yake.

Alimgeukia mdogo wangu, akamuuliza kama baada ya kusikia hayo bado anataka kwenda. Akasema anataka. Akamuuliza mara ya pili, na jibu likawa lilelile. Mama akajipangusa makapi kwenye kanga, akaandika jina lake lote polepole, akamwambia atoe nakala moja ya kumwachia yeye.

Mimi hakunitazama. Alivuta ungo, akaanza kupepeta, na baada ya muda akamwambia mdogo wangu anifungashie mchele mpya wa kurudi nao mjini.